Mita Mbili kwa Mita Mbili

Nilifundisha kupanda kwa kamba yenye mafundo.
Mita mbili, fundo. Mita mbili, fundo.
Na penye fundo, msprusi.
Vijana wangu wa kwanza, mwaka wa themanini na nne,
walikuja na mabuti ya baba zao
na mikono iliyozoea viazi.
Kilima cha nyuma ya chuo kilikuwa na upara,
tukakivika nywele kwa msimu mmoja.
Mkuu wa chuo, Bwana Poledne, akatupiga picha.
Nipo pembeni, nimeshika kamba, nacheka.

Huku Moravia ya juu baridi haina adabu,
huingia darasani kabla ya mwalimu.
Nilichora ubaoni pete za mti,
hii ya mvua, hii ya njaa,
na hii nyembamba kama uzi
ni mwaka uliozaliwa wewe, Radim.
Darasa likacheka, naye akacheka.
Radim Vlasák, mtoto wa kinyozi.

Katika mtihani wa mwisho niliuliza:
kilima kama kile ungekipanda nini?
Jibu lilikuwa neno moja. Wote waliliandika.
Yeye akaandika kurasa nne:
mwaloni bondeni, msonobari penye mawe,
na katikati, mwalimu, tuache pori,
ndege watapanda tusichokijua.
Nilimpa alama thelathini na moja, wino mwekundu.
Pembeni nikaandika: Msitu si kachumbari.
Nilijiona hodari kwa sentensi ile.
Niliirudia hata kwenye karamu.

Kosa la mpishi huliwa jioni ile ile, likaisha.
Kosa la mwalimu wa misitu hutulia ardhini,
hupata mvua, hupata mbolea,
hunenepa pete kwa pete,
wageni huletwa kulitazama.

Kisha kiangazi kikaja bila mvua, mara ya pili, mara ya tatu,
na mbawakawa mdogo kuliko punje ya mchele
akaingia nyuma ya magome, akaandika:
mstari, na matawi ya mstari,
mwandiko mzuri kuliko wangu.
Kufikia Septemba kilima kilikuwa rangi ya kutu,
fundo hadi fundo, hakurukwa hata mmoja.
Mashine zilifanya kazi usiku kwa taa.
Nililala na harufu ya utomvu kwenye foronya.

Nilimtafuta Radim kwa simu. Anauza vigae Brno.
Maneno nilikuwa nimeyaandaa, nimeyaandika karatasini.
Nikamweleza habari ya thelathini na moja.
Akanyamaza.
"Mtihani upi, mwalimu?"
Nikamsomea kurasa zake nne. Nilikuwa nazo,
sijui kwa nini sikuzitupa.
"Alikuwa mjanja, kijana huyo," akasema.
Halafu, kwa sauti ya chini, akauliza
kama niliwahi kujua nani alivunja kekee ya chuo,
ile ya Uswidi, ndani ya mwaloni.
Nikasema hapana.
Akasema, "Basi mwalimu, tumelipana."

Mwezi huu nastaafu.
Kipindi cha mwisho tulikifanyia kilimani,
kila mwanafunzi juu ya kisiki chake.
Kati ya visiki imeota mibetula,
laini, ya urefu wa goti, haikufuata kamba ya mtu.
Nilitaka kuwahesabia umbali wake
nikaona aibu.

Ludmila, mwenye kofia ya manjano, akainua mkono.
"Sasa hapa tupande nini?"
Nikatia mkono mfukoni, mazoea tu, kutafuta fundo.
"Sijui," nikasema.

Neno geni kinywani, na gumu kutafuna.
Wakainama wote kumi na tisa
juu ya madaftari yaliyoloa manyunyu,
wakaliandika.